Sauti Ivukayo Daraja: Itifaki za Kuunganisha Mifumo ya Ujumbe wa Sauti ya Biashara

Mhadhara uliotolewa Bwera mbele ya wafanyabiashara, wanaushirika na walimu wa Wilaya ya Kasese, Uganda

Mheshimiwa Mwenyekiti, wazee wetu wa Busongora na Bukonzo, viongozi wa vyama vya ushirika vya kahawa, walimu, maofisa wa forodha, mama zetu wa soko la Mpondwe, na ndugu zetu mliovuka Mto Lhubiriha asubuhi hii kutoka Kasindi, upande wa Congo:  Nimeombwa niseme kwa Kiswahili, nami nimefurahi, maana hiki ndicho tunachokitumia pande zote mbili za daraja pale bei ya kahawa, samaki na vitenge inapopangwa.

Kusudi langu ni moja. Nataka kuwaonyesha kwamba ujumbe wa sauti wa biashara haupaswi kuwa mfungwa wa mtambo uliourekodi. Kwamba wahandisi walikwisha kulitatua jambo hili kwa itifaki zinazojulikana na zilizo wazi kwa kila mtu. Na kwamba sisi watu wa mpakani, ambao mapatano yetu mengi hufungwa kwa mdomo kabla ya karatasi, tuna sababu kubwa kuliko wengine ya kuzidai. Ninaposema itifaki, nakusudia makubaliano kati ya mitambo miwili: nani aanze, aseme nini, kwa utaratibu gani, na afanye nini asipojibiwa.

Hoja ya kwanza: kila mtambo ulikuwa kisiwa

Mwaka 1979 mhandisi mmoja wa Dallas, Marekani, jina lake Gordon Matthews, aliomba hataza ya mtambo wa kupokea simu ya mtu asiyekuwapo, kuihifadhi sauti ya mpigaji katika kompyuta, na kumsikilizisha mwenyewe baadaye. Hataza ilitolewa 1983. Kampuni yake, VMX, iliipata kampuni ya 3M kuwa mteja wake wa mwanzo. Mwaka 1982 ikaanzishwa Octel, ambayo ilikuja kuwa kubwa kuliko zote katika kazi hii, hata ikainunua VMX yenyewe mwaka 1995.

Mtambo wa namna hii ulikaa kando ya swichibodi ya ofisi. Sauti iliyoingia kwa simu iligeuzwa namba: vipimo 8,000 kila sekunde, kila kipimo biti 8, jumla biti 64,000 kwa sekunde. Diski za wakati ule zilikuwa ghali mno, kwa hiyo kila mtengenezaji alibuni njia yake ya kuibana sauti ichukue nafasi ndogo, na njia hiyo akaifanya siri ya biashara. Ndani ya ofisi moja mambo yalikwenda vizuri. Ukisikia ujumbe wa mwenzako, unabonyeza kitufe, unajibu, mtambo wenyewe unajua jibu liende wapi. Unaweza kumpelekea mtu wa tatu ukiongeza maneno yako mwanzoni.

Sasa tuchukue mfano wa kubuni, wa hapa kwetu. Kampuni ina bohari Kasese mjini, ofisi kuu Kampala, na mnunuzi wake mkubwa yuko Beni. Bohari ina mtambo wa kampuni moja, ofisi kuu ina wa nyingine, mnunuzi ana wa tatu. Karani wa bohari anapokea ujumbe wa dakika mbili kuhusu gunia zilizolowa njiani. Anataka bosi wa Kampala ausikie kwa sauti ileile ya dereva, maana namna mtu anavyoeleza ajali ni sehemu ya ushahidi. Hawezi. Itambidi apige simu na asimulie kwa maneno yake. Dereva alisema "zimelowa kidogo juu". Karani anasema "zimelowa". Mnaofanya kazi ya kahawa mnajua tofauti ya maneno hayo mawili ni fedha kiasi gani.

Hilo ndilo lililozikuta kampuni kubwa za Marekani na Ulaya mwishoni mwa miaka ya 1980. Zilinunuana, zikaungana, zikafungua matawi, na kila tawi likaja na mtambo wake usiosikilizana na mwingine.

Hoja ya pili: wapinzani walikubaliana, na mwanzo wao ulikuwa mnyenyekevu

Watengenezaji waliokuwa wakigombania wateja walikaa pamoja wakaandika makubaliano yaliyoitwa AMIS. Yalikuwa na sura mbili. Ya kidijitali, toleo la 1993, ilijengwa juu ya mfumo wa barua wa X.400, ambao ulikuwa mzito na wa gharama, na haikuenea sana. Ile ya analogi, toleo la 1992, ndiyo iliyofanya kazi, nami naomba nikae nayo kidogo kwa sababu inafundisha.

Mtambo wa kwanza unapiga simu ya kawaida, kama mimi na wewe tunavyopiga. Mtambo wa pili unapokea. Wa kwanza unajitambulisha kwa milio ya vitufe, ileile unayoisikia ukibonyeza namba: huu ni mtambo namba fulani, ujumbe unatoka kisanduku fulani, unakwenda kisanduku fulani. Wa pili unajibu kwa milio: nimekubali, au kisanduku hicho hakipo, au kimejaa. Ukikubali, wa kwanza unaucheza ujumbe kwenye laini, na wa pili unaurekodi. Kisha unathibitisha, na simu inakatwa.

Hakuna waya mpya uliohitajika, wala kompyuta ya ziada. Laini ya simu iliyokuwapo ilitosha, na hakuna mtengenezaji aliyelazimika kumfunulia mwenzake siri ya namna anavyoibana sauti, kwa kuwa kilichopita kwenye waya kilikuwa sauti yenyewe. Mimi naiheshimu sana busara hiyo. Walitafuta kitu kidogo kabisa ambacho kila mmoja tayari anacho, wakakubaliana juu ya hicho.

Lakini udhaifu wake ulikuwa mkubwa. Ujumbe wa dakika tano ulichukua dakika tano za simu, na kama ni simu ya masafa marefu, bili ilionekana mwisho wa mwezi. Ukitaka uwafikie watu kumi katika mtambo uleule wa mbali, ulichezwa mara kumi. Kila uliporekodiwa upya sauti ilififia. Tena makubaliano yale hayakubeba alama ya kwamba ujumbe ni wa haraka au ni wa siri. Namba za visanduku zilipita. Heshima ya ujumbe ilibaki nyuma.

Hoja ya tatu: barua pepe ndiyo iliyobeba mzigo

Hii ndiyo hoja niliyoijia hapa, kwa hiyo mnivumilie nikiichukulia muda.

Februari 1996 Greg Vaudreuil, aliyekuwa mhandisi wa Octel, alichapisha kwa jumuiya ya wahandisi wa intaneti pendekezo lililoitwa VPIM. Mwaka 1998 yeye na Glenn Parsons wa Nortel walitoa toleo la pili, na mwaka 2004 likarekebishwa tena. Wazo lake ni hili: tuache kuijengea sauti barabara yake peke yake. Barua pepe tayari inakwenda kila mahali. Sauti na ipande humo.

Gunia la kahawa linaloshuka kutoka Kyarumba lina vitu viwili: kahawa iliyo ndani, na kibandiko kinachosema limetoka kwa nani, linakwenda wapi, lina uzito gani. Msafirishaji hahitaji kuonja kahawa ili alifikishe, anasoma kibandiko. VPIM inafanya vivyo hivyo. Juu kuna maelezo: mtumaji, mpokeaji, saa, urefu wa sauti kwa sekunde, ni ya haraka au si ya haraka, ni ya siri au si ya siri. Ndani kuna sauti yenyewe, na pengine sauti fupi ya mtumaji akitamka jina lake, ili anayesikiliza amjue kabla ujumbe haujaanza. Kwa wakulima wasiopenda kusoma maandishi kwenye kioo cha simu, jina linalosemwa na mwenyewe lina thamani yake.

Je, siri ya kubana sauti? Hapa wapinzani walilazimika kukubaliana kweli. Walichagua kiwango kimoja cha kimataifa, G.726, kinachotumia biti 32,000 kwa sekunde, nusu ya simu ya kawaida. Ndani ya nyumba yako hifadhi utakavyo; ukitoka nje kwenda kwa jirani, igeuze sauti iwe ya kiwango hiki. Hesabu yake ni nyepesi: biti 32,000 ni baiti 4,000, kwa hiyo dakika moja ni kama kilobaiti 240. Barua pepe ya kawaida huongeza theluthi moja kwa ajili ya kufungasha, ikawa kama kilobaiti 320. Kwa data tunazonunua leo, hicho ni kitu kidogo. Na watu kumi walio kwenye mtambo mmoja wa mbali wanapata kutoka nakala moja iliyosafiri mara moja.

Nitaje faida moja ambayo watu wa Kasese wataielewa haraka kuliko watu wa Dallas. AMIS ya analogi ilihitaji mitambo yote miwili iwe hai kwa wakati mmoja, na laini iwe wazi kati yao. Barua pepe haihitaji hivyo. Seva inaweka ujumbe, inajaribu, ikishindwa inangoja, inajaribu tena. Kanuni za barua pepe zinaitaka iendelee kujaribu kwa muda wa siku nne au tano kabla ya kukata tamaa. Umeme ukikatika Bwera tangu asubuhi hadi usiku, ujumbe wako uko salama unangoja upande wa pili.

Wala utaratibu huu wa kuhifadhi na kupeleka si mgeni Uganda. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, kabla intaneti ya kudumu haijafika nchini, Makerere walikuwa na kituo cha barua pepe cha FidoNet: kompyuta iliyopiga simu, ikakabidhi mzigo wa barua na kupokea mwingine, kisha ikakata. Barua za Afrika Mashariki zilipita kwa njia hiyo hadi GreenNet ya London na kuingia ulimwenguni. Walimu wa leo waliokuwa wanafunzi wakati ule watakumbuka kwamba jibu la kesho yake lilionekana la ajabu kwa kasi yake.

Hoja ya nne: anwani iwe ya biashara, isiwe ya karani

Kwa ufupi. Anwani ya VPIM ina sehemu mbili kama barua pepe yoyote. Kushoto ni namba ya simu au ya kisanduku, na inaweza kuandikwa kwa mpango wa kimataifa wa namba: alama ya kujumlisha, 256 kwa Uganda au 243 kwa Congo, kisha namba yenyewe, zisizidi tarakimu 15 kwa jumla. Kulia ni jina la kikoa cha taasisi.

Sehemu hiyo ya kulia ndiyo yenye nguvu. Leo vyama vingi vinafanya biashara kwa laini ya simu ya karani au ya mwekahazina. Akiondoka, anaondoka na miaka mitatu ya mapatano: sauti za wanunuzi, ahadi za bei, malalamiko ya wakulima. Kikoa kikiwa cha chama, mtu atabadilika, kampuni ya simu itabadilika, mtambo utabadilika, na mnunuzi wa Butembo ataendelea kutuma mahali palepale.

Hoja ya tano: ujumbe usiofika lazima ujulikane kwamba haukufika

VPIM inaudai mtambo utoe taarifa ujumbe unaposhindwa kufika, pamoja na sababu. Tena kuna kanuni moja ninayoipenda kwa dhati: ujumbe ukitiwa alama ya siri, na mtambo unaopokea hauwezi kuilinda siri hiyo, basi mtambo huo haupaswi kuupokea kimyakimya. Unatakiwa kumwambia mtumaji kwamba umeukataa. Yaani wahandisi waliona heri ujumbe urudi kuliko mtumaji adanganyike.

Ndugu zangu, hapa Bwera hatuhitaji kuelezwa kwa nini hilo ni jambo zito. Juni 2019 mtoto wa miaka mitano aliyevuka mpaka na jamaa zake alifikishwa Hospitali ya Kagando, akahamishiwa kituo cha matibabu cha Bwera, na tarehe 11 ikathibitishwa kwamba ni Ebola, mgonjwa wa kwanza nchini Uganda katika mlipuko ule uliokuwa ukizitesa Kivu Kaskazini na Ituri, upande wa Congo. Nawakumbuka wahudumu wa afya wa pande zote mbili walioifanya kazi ile, na najua baadhi yao wamo humu. Mpaka kama huu unaishi kwa taarifa zinazovuka kwa wakati. Mganga anayeacha ujumbe wa sauti upande wa pili anatakiwa ajue kwa hakika mambo mawili: kwamba umeingia, na kama haukuingia, tatizo liko wapi ili ajaribu njia nyingine. Alama ya haraka isiyovuka mpaka haimsaidii mgonjwa.

Hoja ya sita: visiwa vimerudi

Naona kijana pale nyuma ameinua simu yake, na ninajua anataka kuuliza nini. Kwamba sote tunatuma sauti kwa WhatsApp, tangu 2013 ilipoleta huduma hiyo, na inavuka daraja bila shida. Ni kweli. Mimi pia naitumia, na imetusaidia sana. Dada anayeuza dagaa Mpondwe anazungumza na wateja wake Beni kwa gharama ndogo sana.

Lakini tuangalie muundo wake. Ujumbe unavuka kwa sababu sote tumeingia nyumba moja yenye mlango mmoja. Julai 2018 serikali yetu ilipoweka kodi ya shilingi 200 kwa siku kwa huduma za namna hiyo, asiyelipa alifungiwa mlango. Barua pepe haikuwamo katika kodi hiyo. Wakati wa uchaguzi wa Januari 2021 mitandao ya kijamii ilizimwa, na kwa siku kadhaa intaneti yote. Sisemi haya kwa ajili ya siasa. Ninasema kwamba biashara yenye mlango mmoja husimama mlango ukifungwa, afunge serikali au afunge mwenye nyumba.

Ulaya wameliona. Sheria yao ya masoko ya kidijitali ya 2022, katika kifungu cha 7, inazilazimisha huduma kubwa za ujumbe kuwafungulia wapinzani wanaoomba kuunganishwa, nayo imetaja ujumbe wa sauti kwa jina. WhatsApp na Messenger ziliingizwa katika orodha Septemba 2023, na wajibu ulianza Machi 2024: kwanza maandishi, picha, sauti na mafaili kati ya watu wawili, baadaye makundi, kisha simu zenyewe. Miaka zaidi ya 30 baada ya AMIS, wabunge wanawalazimisha wenye mitambo kufanya kile ambacho wahandisi wa Octel na Nortel walikifanya kwa hiari.

Na sisi tumekwisha kuona jambo linalofanana na hilo likifanyika Afrika Mashariki. Tanzania, kuanzia 2014, kampuni za simu zilikubaliana kupelekeana fedha za simu kutoka mtandao mmoja hadi mwingine, na Vodacom ikajiunga 2016. Fedha ni ngumu zaidi kuliko sauti. Kama fedha ilivuka, sauti haina kisingizio.

Sasa tufanye nini hapa? Nitasema yanayowezekana kwa mfuko wa chama cha kawaida. Ipo programu ya swichibodi iitwayo Asterisk, iliyoanzishwa na Mark Spencer mwaka 1999, ambayo haina malipo ya leseni. Inakaa kwenye kompyuta ndogo, inapokea ujumbe wa sauti, na inaupeleka kwa barua pepe kama faili la sauti ambalo simu yoyote inaweza kulifungua. Hiyo peke yake si VPIM kamili, maana alama za siri na uthibitisho hazipo zote, lakini inautoa ujumbe kisiwani. Kwa taasisi kubwa zaidi, hospitali, viwanda, benki, mitambo inayotumia VPIM inauzwa hadi leo, ya Cisco ikiwamo. Tatizo ni kwamba wanunuzi wetu hawaiulizi, na muuzaji haelezi asichoulizwa. Muulizeni kabla ya kusaini: ujumbe uliomo utatokaje siku tukiacha mtambo wako? Utazungumza na mtambo wa kampuni nyingine kwa itifaki gani? Ujumbe ukishindwa kufika, mtumaji ataambiwaje? Majibu yaandikwe ndani ya mkataba.

Tangu Julai 2022 Congo ni mwanachama kamili wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Mwaka mmoja kabla ya hapo, marais wa nchi zetu mbili walikuwa hapa Mpondwe kuzindua ujenzi wa barabara ya Kasindi hadi Beni na Butembo. Mpango wa Jumuiya wa kushusha gharama za simu za kuvuka mipaka ulianza 2014 kwa Kenya, Uganda, Rwanda na Sudan Kusini, Congo ikiwa bado nje. Viongozi wetu watakapokaa kuzungumza juu ya simu za mpaka huu, naomba ujumbe wa sauti wa biashara na wa afya uwe kwenye ajenda, pamoja na itifaki yake, na si bei ya dakika peke yake.

Lakini hatuna sababu ya kuwangoja. Ninapendekeza, Mwenyekiti, kwamba vyama vya kahawa vilivyo humu na wanunuzi wa Kasindi waliokuja leo waanze daftari moja la anwani: kila taasisi na kikoa chake, namba zake kwa mpango wa kimataifa, na mtu anayewajibika. Zikipatikana taasisi tatu upande huu na mbili upande ule, zinatosha kufanya jaribio kabla ya msimu ujao wa mavuno. Nitabaki Bwera hadi kesho jioni, na mitambo miwili ya kampuni tofauti iko kwenye chumba cha pembeni, imewashwa. Wanaotaka kuacha ujumbe katika mmoja na kuusikiliza kutoka mwingine, karibuni mara baada ya maswali.